Mafuta ya taa yanaua kupitia mapafu, si tumbo

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akikutwa na chupa ya mafuta ya taa mkononi, mdomo unanuka, anakohoa na macho yamemtoka, watu wazima wote waliopo hukimbilia tumbo lake. Mmoja anaagiza maziwa. Mwingine anamwingiza kidole kooni ili atapike. Wa tatu anakoroga maji ya chumvi, na jirani aliyesikia kelele anaingia na yai bichi. Kila mmoja wao anampenda yule mtoto, na kila mmoja anafanya lile aliloona likifanywa na mama yake au bibi yake. Wote wanahangaika na mahali ambapo hatari haipo.

Hatari ya mafuta ya taa iko kifuani. Yakifika tumboni, utumbo huyafyonza kwa kiasi kidogo, na mengi yanayobaki hutoka kwa njia ya haja kubwa. Yanaweza kumletea mtoto kichefuchefu na kumharisha, lakini ni nadra kumuua kwa njia hiyo. Yanayoua ni yale matone machache yaliyopotea njia kooni yakaingia mapafuni. Na kila tunapomtapisha mtoto, tunayarudisha mafuta yale yale kwenye njia panda ile ile kwa mara ya pili.

Madaktari wanalijua jambo hili kwa miongo mingi. Limo katika kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kinachoelekeza namna ya kuhudumia watoto hospitalini, kilichotolewa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2013. Kilichokwama ni maarifa hayo kutoka wodini na kufika uani, ambako ajali yenyewe hutokea.

Njia panda ya kooni

Nani hajawahi kupaliwa? Maji ya kunywa yanapita vibaya, unakohoa mpaka machozi yanakutoka, kisha yanaisha. Hutokea hivyo kwa sababu nyuma ya ulimi kuna njia mbili zinazoanzia mahali pamoja: umio unaokwenda tumboni, na bomba la hewa linalokwenda mapafuni. Tunapomeza, kifuniko kidogo huziba bomba la hewa kwa muda mfupi sana ili kinachomezwa kipite upande wake. Mtoto mdogo anapogundua kwamba alichokunywa si maji, hushtuka, akavuta pumzi kwa nguvu, akakohoa na kulia kwa wakati mmoja. Hapo ndipo njia ya hewa inapokuwa wazi.

Kimiminika kizito, asali kwa mfano, husogea polepole, na koo hupata nafasi ya kujihami. Mafuta ya taa yana mnato mdogo sana. Yakigusa tu ukingo wa njia ya hewa hutanda na kuteremka kwa kasi juu ya utando laini, mpaka kwenye matawi madogo kabisa ya mapafu. Petroli, tapentaini na tina ya kuchanganyia rangi vina tabia hiyo hiyo. Mililita 1 tu ikiingia mapafuni, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, inatosha kuleta madhara makubwa.

Ndiyo maana swali tunalokimbilia kuuliza, "Amekunywa kiasi gani?", halitusaidii sana. Mtoto aliyeonja kidogo akapaliwa anaweza kuugua kuliko mwenzake aliyemeza mafunda mawili yakashuka salama. Swali lenye uzito ni jingine: je, alikohoa au kupaliwa alipokuwa anakunywa?

Kinachotokea ndani ya kifua

Mapafu yana mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno ili oksijeni ipenye kwa urahisi kuingia kwenye damu. Kuta hizo zina unyevunyevu, na unyevu huo daima huzivuta zigandane. Mwili umejiwekea kinga. Seli maalumu huzipaka kuta hizo utando wa mafuta na protini, ambao wataalamu huuita safaktanti, na utando huo ndio unaoviwezesha vifuko kubaki wazi kila tunapotoa pumzi. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1959, pale watafiti wa Marekani Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na utando huo.

Mafuta ya taa huharibu utando huo na kuzijeruhi seli zinazoutengeneza. Vifuko vinajikunja na kuta zake kushikana, kama mfuko wa nailoni ulioloa maji. Vile ambavyo havijajikunja huvimba kuta na kujaa majimaji, wakati mwingine yaliyochanganyika na damu. Damu huendelea kupita pembeni mwa vifuko hivyo, lakini haipati oksijeni ya kuchukua. Mtoto anapumua kwa nguvu zake zote na bado hewa haimtoshi. Hii ndiyo nimonia ya kemikali. Haikuletwa na mdudu yeyote, wala haikutokana na baridi.

Dalili zinaweza kuanza ndani ya nusu saa, au zikasubiri saa kadhaa. Mtoto hukohoa mfululizo, na pumzi yake hunuka mafuta. Baadaye anaanza kuhema haraka. Wahudumu wa afya huhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia: kuanzia 50 na kuendelea kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au kuanzia 40 na kuendelea kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, ni pumzi za haraka. Mzazi anaweza kuhesabu mwenyewe kwa saa ya simu. Tundu za pua zinapanuka kila anapovuta hewa. Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani badala ya kuinuka. Mtoto anaguna. Midomo ikianza kuwa ya buluu au ya kijivu, hali imefika pabaya.

Homa nayo hupanda ndani ya saa chache za mwanzo, na wengi hudhani ni malaria au ni kichomi cha kawaida kilichojitokeza kwa bahati mbaya siku ile ile. Mara nyingi homa hiyo ni ya jeraha lenyewe la mapafu.

Dalili inayowadanganya wazazi zaidi ni usingizi. Mtoto aliyekuwa analia na kukohoa ananyamaza, analegea, anasinzia, na watu wanashukuru kwamba amepumzika. Miaka ya 1970 watafiti wa kusini mwa Afrika waliichunguza hali hii kwa majaribio ya wanyama wa jamii ya nyani. Walihitimisha kwamba kulegea kule kunatokana zaidi na ubongo kukosa oksijeni kuliko sumu ya mafuta yenyewe kupanda kichwani. Mtoto anayesinzia baada ya kunywa mafuta ya taa huenda anaishiwa hewa. Asiachwe alale nyumbani.

Kwa nini kutapisha kunaua

Kumtapisha mtu aliyekula sumu ni mazoea ya miaka mingi, na mantiki yake inaeleweka: kilichoingia kitoke. Kwa mafuta ya taa mantiki hiyo inageuka. Mafuta yaliyotulia tumboni hayana madhara makubwa. Yakipandishwa kwa kidole, kwa maji ya chumvi au kwa yai bichi, yanarudi kooni yakiwa na msukumo, mtoto analia na kuvuta hewa, na yale yaliyokosa njia ya mapafu mara ya kwanza yanaipata mara ya pili.

Maziwa nayo tumeyapa sifa ya kuvunja sumu. Hayavunji mafuta ya taa. Yanalijaza tumbo la mtoto ambaye tayari ana kichefuchefu, na tumbo lililojaa hutapika. Mafuta ya kula yanayotolewa kwa imani kwamba yatateremsha sumu huongeza tatizo kwa namna hiyo hiyo. Sheria ni fupi: aliyekunywa mafuta ya taa, petroli, tapentaini au tina asipewe kitu chochote cha kumtapisha, na asishindiliwe maziwa.

Hata hospitalini utaratibu ni huo huo. Mwongozo wa WHO unakataza kumwosha tumbo kwa mpira na kumpa mkaa wa dawa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Ndugu wengine hulalamika kwamba muuguzi hakumwosha mtoto wao tumbo, wakaona amewapuuza. Muuguzi huyo alikuwa anamwokoa.

Kazi ya hospitali

Kama mafuta hayawezi kutolewa na dawa ya kuyavunja haipo, kuna haja gani ya kumkimbiza mtoto hospitali? Haja ni oksijeni na macho ya kitaalamu. Kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole au kwenye unyayo hupima kiasi cha oksijeni katika damu kabla midomo haijabadilika rangi. Kipimo kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto huwekewa oksijeni. Walio wengi hupona kwa oksijeni, maji ya kutosha na uangalizi, mapafu yakijitengeneza yenyewe ndani ya siku kadhaa. Walioumia zaidi huhitaji mashine ya kuwasaidia kupumua, na hapo tofauti kati ya kufika mapema na kuchelewa ni uhai.

Mtoto anayeonekana mzima naye anatakiwa abaki chini ya uangalizi kwa angalau saa 6, kwa kuwa mapafu yanaweza kuwa yameshaanza kuvimba kabla hajaanza kuhema. Mzazi aambiwe hivyo mapema, asione anazuiliwa bure.

Antibayotiki nazo zinahitaji kauli. Ni kawaida mzazi kupita duka la dawa kwanza na kununua amoksilini, kwa kuwa mtoto anakohoa na ana homa. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya watoto ya Red Cross mjini Cape Town walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu jambo hilo. Watoto waliokuwa na nimonia ya mafuta ya taa waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa amoksilini, na kundi jingine dawa bandia isiyo na nguvu yoyote. Antibayotiki haikuleta nafuu ya ziada. Dawa hizo zina nafasi pale maambukizi yanapojitokeza baadaye, na wa kuamua hilo ni daktari. Kinachopotea dukani ni muda, na muda ndio mtaji wa mtoto huyu.

Baada ya mtoto kuruhusiwa, picha ya eksirei inaweza kuendelea kuonyesha madoa kwa wiki kadhaa hata kama anacheza vizuri. Kwa wengine alama hubaki muda mrefu zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1978 uliwapima watoto miaka 8 hadi 14 baada ya kuugua nimonia ya aina hii. Hawakuwa na malalamiko yoyote, lakini kwa walio wengi vipimo vilionyesha kasoro katika njia ndogo za hewa. Kupona kunakoonekana kwa macho si lazima kuwe kupona kamili.

Chupa ya maji

Simama jioni mbele ya duka la mtaani ambalo bado linauza mafuta ya taa kwa kipimo. Dumu la lita 20 liko nyuma ya mlango. Juu yake pamelala kopo lenye mkono wa waya, na faneli iliyokatwa kutoka kwenye chupa ya plastiki. Mteja ni mtoto wa miaka minane hivi aliyetumwa na mama yake, mkononi ana chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, lebo yake bado imebandikwa. Muuzaji anapima, anamimina, anafuta ubavu wa chupa kwa kitambaa. Kizibo kilishapotea zamani, kwa hiyo anasokota kipande cha nailoni na kukichomeka mdomoni mwa chupa. Nyumbani chupa inawekwa chini karibu na jiko, kwa kuwa hapo ndipo itakapotumika baada ya muda mfupi.

Mafuta yenyewe hayana rangi, au yana umanjano hafifu. Kwa mtoto wa miaka miwili, kila kitu katika chupa ile kinasema maji. Ni chupa ile ile anayonyweshewa maji kila siku. Yuko katika umri wa kutambua vitu kwa kuvitia mdomoni, ameshajua kutembea, hajajua kusoma, na siku za joto ana kiu. Waathirika wakubwa wa ajali hizi popote mafuta ya taa yanapotumika ni watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mwaka 2008 watafiti waliokuwa hospitali ya wilaya ya Kilifi, pwani ya Kenya, waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu watoto waliolazwa hapo kwa ajali hizo. Ni tatizo la kwetu, na lina kumbukumbu zake.

Ajali ikitokea, neno la kwanza kusikika ni uzembe wa mama. Neno hilo ni zito na halimtendei haki. Familia inayolala, kupika na kula katika chumba kimoja cha kupanga haina kabati la juu lenye kufuli. Haina stoo. Mama ananunua mafuta ya siku moja kwa sababu ana fedha ya siku moja, na anayabeba kwa chombo alichonacho kwa sababu muuzaji hatoi kingine. Siagi, soda na dawa ya mswaki vyote vinauzwa vikiwa na vifungashio vyake. Mafuta ya taa, ambayo yanaweza kumuua mtoto, ndiyo mnunuzi anaambiwa aje na chombo chake.

Si mafuta ya taa peke yake

Mafuta ya taa yanapungua majumbani. Umeme umefika vijiji vingi, taa za sola zimeingia, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Koroboi na kibatari vikiondoka, watoto wengi watanusurika. Lakini chupa haziondoki, zinabadilisha kilichomo.

Sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani huuzwa katika chupa za maji na za soda, na yenye rangi ya njano au kijani hufanana na juisi. Mtoto akiinywa, hutoa povu, na povu likitapikwa huingia mapafuni kwa urahisi. Magadi makali yanayotumika kutengenezea sabuni huunguza mdomo na umio, na mvuke au matone yake huunguza njia ya hewa. Jiki nayo hugawanywa kwenye vichupa. Ikichanganywa na dawa ya kusafishia choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo hushambulia mapafu ya anayeivuta bila hata kumeza kitu. Vitu hivi viwili visikutane kamwe katika ndoo moja.

Dawa ya magugu ya parakwati ina hatari ya pekee. Haihitaji kumpalia mtu. Ikishamezwa huingia kwenye damu, na seli za mapafu huivuta na kuilimbikiza, kisha mapafu hugeuka makovu siku baada ya siku. Funda moja la dawa isiyochanganywa na maji linaweza kumuua mtu mzima. Historia yake imejaa watu waliokunywa bila kujua kwa sababu mtu aliihamishia kwenye chupa ya soda. Mkulima anayempimia jirani yake dawa ya magugu katika chupa ya soda anampa kifo kisicho na jina juu yake.

Watu wazima pia wamo. Gereji na vijiweni bado tunaona kijana akichomeka mpira kwenye tangi la gari, akavuta kwa mdomo mpaka petroli au dizeli ipande, halafu akatema na kucheka. Siku mafuta yanapompalia, anapata nimonia ile ile ya mtoto. Atakohoa, atapata homa na maumivu ya kifua, na pengine atatibiwa kifua kikuu au malaria kwa sababu hakuna aliyemuuliza kazi yake. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ni nafuu kuliko siku moja ya kulazwa.

Kifuniko kilichookoa watoto

Ajali hizi zinazuilika, na waliojaribu walifanikiwa. Katika mji wa Windsor nchini Canada, daktari wa watoto Henri Breault alichoka kuwapokea usiku watoto waliomeza dawa na sumu za nyumbani. Kuwahubiria wazazi hakukutosha, akageukia kifungashio. Mwaka 1967 mtengenezaji wa plastiki Peter Hedgewick alibuni kifuniko kinachofunguka kwa kusukumwa chini huku kikizungushwa, jambo ambalo mkono wa mtoto mdogo hauliwezi kwa urahisi. Ajali za sumu kwa watoto wa eneo hilo zilishuka kwa asilimia 91. Marekani ilipitisha sheria ya vifungashio vya kuzuia sumu mwaka 1970.

Anayedhani hayo ni ya nchi tajiri atazame Afrika Kusini. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 1994 ulieleza jinsi vyombo 20,000 vya mafuta ya taa, vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua, vilivyogawiwa bure kwa familia za eneo moja. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta ya taa katika eneo hilo ilipungua kwa karibu nusu. Nyumba zilikuwa zile zile, na umaskini ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni chombo.

Serikali zetu hazikosi uwezo. Tulipoumizwa na uchakachuaji, Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili yasichanganywe kwenye dizeli, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa lengo hilo hilo. Tulichukua hatua kuziokoa injini na mapato. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019, na iliondoka madukani. Nchi inayoweza kuondoa mfuko wa plastiki sokoni haiwezi kushindwa kumtaka muuzaji wa mafuta ya taa, sabuni ya maji na dawa za kusafishia atumie chombo chenye rangi yake, alama ya hatari na kifuniko asichokifungua mtoto. Shirika la viwango lipo, wakaguzi wapo, na plastiki yenyewe inatengenezwa hapa.

Ajali ikitokea

Mwondoe mtoto kwenye mafuta, mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kwa kuwa mafuta huunguza ngozi na mvuke wake huendelea kuingia puani. Akiwa macho, mbebe akiwa ameketi wima. Akiwa amelegea au anatapika mwenyewe, mlaze ubavu ili matapishi yatoke nje. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta, mayai wala chumvi.

Kama alichokunywa ni kitu kinachounguza, mfano magadi makali au dawa ya choo, msuuze mdomo kwa maji, usimtapishe, na usijaribu kukivunja nguvu kwa ndimu au siki. Chukua chupa aliyonywea, hata ikiwa tupu, umwonyeshe daktari. Nenda moja kwa moja kwenye kituo chenye oksijeni. Ukifika mapokezi usiseme tu kwamba mtoto ana homa na kikohozi. Sema amekunywa nini na saa ngapi, na useme kama alipaliwa. Usione aibu. Mhudumu anayemgombeza mama kwanza ndiye anayewafanya akina mama wengine wafiche ukweli, na ukweli ukifichwa mtoto atatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Maneno haya yanapaswa kusemwa kliniki ya watoto siku ya kupima uzito, yakabandikwa ukutani kando ya ratiba ya chanjo, yakatangazwa msikitini na kanisani, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakayapeleka nyumba kwa nyumba. Ni maneno machache, na hayahitaji mfadhili.

Wizara za afya na mashirika ya viwango ya nchi zetu yaweke kanuni ya chombo cha mafuta ya taa na kemikali za nyumbani, na yaisimamie. Wenye maduka waache kumimina sumu katika chupa ya maji ya kunywa, kanuni iwepo au isiwepo. Nawe mzazi mwenzangu, usilale leo kabla hujaangalia kila chupa iliyo chini ndani ya nyumba yako. Yenye kemikali ndani ya chombo cha kinywaji, ihamishie kwenye dumu lisilofanana na chupa ya kunywea, liandike kwa kalamu ya wino mzito, na uliweke juu kupita mkono wa mtoto unapofika hata akipanda kiti. Mtoto hana kosa kunywa kilichomo ndani ya chupa ya maji. Kosa ni la aliyeacha mafuta yakawekwa humo, na wa kulirekebisha ni sisi watu wazima.